Nyumba mpya kwenye mtaa wa zamani: kwanza nachora majirani

Kila nikipewa kazi ya kubuni nyumba mpya kwenye mtaa wa zamani, mchoro wangu wa kwanza hauihusu nyumba hiyo hata kidogo. Nachora nyumba za majirani. Nazipanga tatu kushoto na tatu kulia kwenye karatasi moja ndefu, kwa kipimo kimoja, na katikati naacha pengo jeupe. Wapo wateja wanaokosa subira wakiona hivyo. Wamekuja kutafuta nyumba yao, nami nawaonyesha milango na madirisha ya watu wengine. Lakini pengo lile ndilo kiwanja chao, na sijaona mtu aliyelijaza vizuri kabla hajajua limezungukwa na nini.

Kazi iliyo mezani kwangu sasa ni ya namna hiyo. Kiwanja kina upana wa mita 6.5 na kina cha mita 22, katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Nyumba iliyokuwapo ilianguka miaka mingi iliyopita. Wenye kiwanja ni mke na mume wenye watoto wawili, na wanajua wanachotaka: nyumba ya kisasa yenye ghorofa mbili, yaani sakafu tatu ukihesabu ya chini, vioo vikubwa, mwanga wa kutosha, jiko lisilotengwa na sebule, na mahali pa kuegesha gari. Karibu yote hayo nayaunga mkono. Familia ya leo hailazimiki kuishi gizani kwa kuwa tu nyumba za jirani zilijengwa zamani. Ninachokipigania ni kwamba maisha yao ya ndani yawe yao kabisa, ilhali ukuta wa mbele ni wa wote wanaopita pale kila siku. Mwenye nyumba huuona mara mbili kwa siku, akitoka na akirudi. Jirani wa ng'ambo huutazama kila anapofungua dirisha.

Watu wenye nia njema hunishauri niige. Jenga kwa zege na tofali za saruji kama kawaida, wananiambia, kisha mbele bandika vitu vya kale: matao ya plasta, nguzo zisizobeba kitu, nakshi zilizochongwa kwa mashine. Ushauri huo siufuati. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao umeongoza uhifadhi wa majengo ya kihistoria katika nchi nyingi, unasema katika kifungu cha 9 kwamba kazi mpya isiyoepukika itofautiane na ile ya awali na ibebe alama ya zama zake. Waliouandika walikuwa wakizungumzia ukarabati wa majengo ya kale, si nyumba ya familia kwenye kiwanja kitupu, lakini hoja yao inanigusa. Mpita njia ana haki ya kujua kipi ni cha kale na kipi kimejengwa jana. Nakshi ya bandia humnyima haki hiyo, na zaidi ya hapo inaishusha hadhi ile ya kweli iliyo nyumba ya pili.

Badala ya kuliiga pambo, naliuliza lilikuwa likifanya kazi gani. Ule mkanda uliotokeza chini ya paa ulikuwa ukiyatupa maji mbali na ukuta, kwa sababu lipu ya chokaa ikilowa mara kwa mara hubanduka. Mawe mazito yaliyo chini ya ukuta yalikuwa yakipokea matope yanayoruka mvua inapopiga barabara. Tao juu ya dirisha lilibeba uzito wa ukuta zamani ambapo hapakuwa na lenta, yaani boriti ya zege juu ya uwazi. Kazi mbili za kwanza bado zipo, maana mvua haijabadilika. Kwa hiyo nyumba hii itakuwa na ubapa mwembamba wa zinki uliotokeza nje kwa sentimita 35, chini kidogo ya ukingo wa ukuta, na sentimita 60 za chini zitakuwa za jiwe gumu lisilopakwa rangi. Tao silijengi. Lenta yenye nondo inavuka uwazi wa sentimita 90 bila kuhitaji msaada wake, na kuliweka kungekuwa kumwambia mtazamaji jambo lisilo la kweli kuhusu jinsi ukuta unavyosimama.

Kimo ndicho kilichokula karatasi nyingi. Ukingo wa paa la jirani wa kushoto uko mita 6.2 kutoka barabarani, wa kulia uko mita 5.9. Nyumba yetu inapokea mistari yote miwili: ukuta wa mbele unaishia mita 6.2, na ule ubapa wa zinki unakaa mita 5.9. Ukitembea kutoka kulia, mstari wa paa la jirani unaingia kwenye zinki yetu. Ukitoka kushoto, unaingia kwenye ukingo wetu wa juu. Hakuna atakayesimama kuvipima, lakini jicho litapita bila kukwaruzwa.

Sakafu ya tatu je? Kanuni za ujenzi za mtaa zinairuhusu, na familia inaihitaji. Ila ikisimama wima juu ya ukuta wa mbele, nyumba itakuwa imewapanda majirani mabegani. Msanifu Adolf Loos alikutana na swali la jinsi hii mjini Vienna, Austria, mwaka 1910, alipoibuni nyumba ya familia ya Steiner. Upande wa barabara aliruhusiwa sakafu moja tu na chumba cha darini. Akalikunja paa la bati kwa mviringo kuanzia juu ya sakafu hiyo, likapanda kuelekea nyuma, na upande wa bustani nyumba ikasimama na sakafu tatu kamili. Umbo lake siliigi, ila kanuni yake nimeitumia zaidi ya mara moja: kimo kipelekwe nyuma, mtaa ubaki na kimo chake.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na yeyote anayejenga anaweza kuifanya. Njia ina upana wa mita 7 kutoka ukuta hadi ukuta. Mtu aliyeegemea ukuta wa ng'ambo, macho yake yakiwa mita 1.6 kutoka chini, akiutazama ukingo wetu wa mita 6.2, mstari wa macho yake unapanda mita 4.6 katika mita hizo 7, yaani kama sentimita 66 kwa kila mita. Tukiirudisha sakafu ya tatu nyuma mita 3.5, mstari huo unakuwa umefika mita 8.5 pale ukuta wake unapoanzia. Paa la sakafu hiyo linaishia mita 8.4. Mtu yule haoni kitu. Nafasi iliyobaki mbele inakuwa varanda ya wazi, na reli yake nimeirudisha sentimita 80 ndani ili nayo isichungulie barabarani.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, nalo ni kivuli. Watu husema nyumba mpya zinaonekana nyepesi, hazina heshima, na wanadhani tatizo ni rangi au ukosefu wa mapambo. Mara nyingi wanachokikosa ni kivuli. Kuta za nyumba za zamani kwenye mtaa huu zina unene wa karibu nusu mita, na dirisha limewekwa ndani, karibu na chumba. Jua likipanda, kila dirisha linapata utepe wa giza juu na ubavuni. Utepe huo unatembea siku nzima, na ndio unaolifanya jicho liamini kwamba ukuta ni mzito na kwamba nyuma yake kuna maisha yaliyotulia. Ukuta wa leo ni tofali moja la sentimita 15, fremu ya alumini ikiwa sambamba na lipu ya nje. Jua likiupiga, hakuna kinachotokea. Upe rangi ya jirani, upe madirisha ya kipimo cha jirani, bado utaonekana kama karatasi iliyobandikwa kati ya nyumba mbili.

Kwa hiyo ukuta wa mbele nimeuchora kwa tabaka mbili: tofali la sentimita 15 nje, nafasi tupu ya sentimita 10, kisha tofali la sentimita 20 ndani. Fremu za madirisha zimefungwa kwenye tabaka la ndani. Dirisha linakaa sentimita 25 ndani ya uso wa nyumba, na kivuli kinarudi. Ile nafasi tupu inapunguza joto linaloingia vyumbani na inaficha bomba la maji ya mvua, ambalo vinginevyo lingeshuka mbele ya macho ya watu. Wateja waliona ni kupoteza nafasi, na kweli vyumba vya mbele vinakuwa vifupi kidogo. Niliwatengenezea mifano miwili ya kadibodi, mmoja wenye ukuta mnene na mwingine wenye ukuta mwembamba, tukaipeleka kwenye jua na kuizungusha polepole. Mume ndiye aliyenyoosha kidole kwenye ule mnene kabla sijasema neno.

Madirisha yenyewe yana upana wa sentimita 90 na kimo cha mita 1.8. Ya majirani nayo kimo chake ni karibu mara mbili ya upana. Chini kuna mlango na madirisha mawili, juu kuna matatu, na uwazi wote unachukua zaidi kidogo ya robo ya ukuta, kiasi kinachokaribiana na cha jirani wote wawili. Dirisha moja la juu nimelisogeza nje ya mstari na kulishusha, kwa sababu nyuma yake kuna ngazi na mwanga unahitajika pale mtu anapogeuka. Hapo ndipo mtazamaji makini atakapotambua kwamba nyumba ni ya leo. Haitaki fremu ya rangi kali wala kona ya kioo ili kulitangaza hilo.

Na vile vioo vikubwa nilivyoombwa? Vipo, ila vinatazama ndani. Kina cha mita 22 nimekigawa: mita 9 za jengo la mbele, mita 5 za ua, mita 8 za jengo la nyuma, na jiko na sebule vinafunguka kwenye ua kwa milango ya kioo yenye upana wa mita 4. Hakuna mgeni atakayemwona mama akimlisha mtoto, na jua linaingia moja kwa moja. Msanifu Tadao Ando alilifanya hili kwa ukali mkubwa mjini Osaka, Japani, mwaka 1976. Katikati ya nyumba tatu zilizoshikana, wilayani Sumiyoshi, aliiondoa moja na kuweka sanduku la zege kwenye kiwanja cha mita za mraba 57 hivi. Mbele hakuna dirisha, kuna mlango tu. Ndani nyumba imegawanywa mara tatu sawasawa na theluthi ya katikati ni ua usio na paa, hivyo kutoka chumbani kwenda bafuni ni kuvuka ua, na mvua ikinyesha unalowa. Naiheshimu sana nyumba hiyo, lakini singeipa familia yenye watoto wadogo, na nadhani mtaa unastahili kupata kutoka kwa nyumba zaidi ya mlango mmoja. Kwa wateja wangu kuna ujia wenye paa ubavuni mwa ua. Karibu zaidi na moyo wangu ni nyumba ambayo msanifu Luis Barragán alijijengea Tacubaya, Jiji la Mexico, mwaka 1948. Barabarani utaipita, ukuta wa kijivu usiojitofautisha na wa majirani, na ndani kuna rangi, mwanga na bustani vilivyoifanya iingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004.

Wanafunzi wa usanifu, wakitaka kunipinga, huniletea nyumba ya Utrecht, Uholanzi, ambayo msanifu Gerrit Rietveld alimbunia Bi. Schröder. Ilijengwa mwaka 1924, imegusana na safu ya nyumba za matofali za kawaida kabisa, na haifanani nazo kwa lolote: mabapa meupe na ya kijivu, vyuma vyekundu, vya njano, vya buluu. Mbona ile inasifiwa, wananiuliza. Inasifiwa kwa haki, ila tazama iko wapi. Iko mwishoni mwa safu, na ilipojengwa mbele yake palikuwa na mashamba ya wazi. Mwisho wa safu una uhuru ambao katikati haupo. Nyumba ya mwisho inaweza kugeuka na kutazama upande mwingine, na safu ikabaki nzima nyuma yake. Kiwanja cha katikati hakina pa kugeukia.

Gari ndilo lililoleta mjadala mgumu. Mlango wa gereji wa mita 2.7 kwenye uso wa mita 6.5 unaacha sehemu kubwa ya sakafu ya chini ikiwa bati lililofungwa, tena kwenye kimo cha macho ya mtembea kwa miguu. Mitaa mizuri niliyoiona ikifa ilikufa hivyo, gereji moja baada ya nyingine, mpaka unatembea mita mia bila kupita dirisha hata moja lenye mtu. Sikuwabembeleza kwa hoja ya uzuri. Niliweka ramani mezani nikapaka rangi eneo ambalo gari lingelichukua, kisha nikauliza mama mzazi wa mume, ambaye magoti hayamruhusu kupanda ngazi, atalala wapi. Chumba chake sasa ndicho kipo hapo, na dirisha lake linatazama barabarani, kizingiti kikiwa chini kiasi cha yeye kuona nje akiwa ameketi. Gari litalala mwanzoni mwa mtaa, wanapoegesha wengine.

Kuna mambo madogo ambayo huharibu uso wa nyumba baada ya msanifu kuondoka, nayo nimeyatafutia mahali mapema: mashine za viyoyozi, mita za umeme na maji, matangi, dishi. Vyote viko uani au juu ya jengo la nyuma. Visipopangwa kwenye ramani, fundi ataving'ang'aniza pale bomba linapofika kwa urahisi, na hapo ni mbele.

Kuchimba msingi kati ya nyumba mbili za zamani ni kazi inayoninyima usingizi. Tulichimba mashimo ya majaribio kando ya kuta za majirani tukakuta misingi yao inaishia sentimita 60 tu chini ya ardhi, na wetu unahitaji mita 1.2. Ukifungua mtaro wote kwa mara moja, udongo ulio chini ya ukuta wa jirani unatoka kuelekea kwako na nyumba yake inaufuata. Mhandisi ameagiza tuchimbe vipande vya mita moja moja, visivyofuatana, kila kimoja kimwagwe zege na kiachwe kishike kabla ya kugusa kinachofuata. Tumepiga picha kila ufa uliokuwapo kwa jirani, tukazitia saini pamoja nao, na kwenye nyufa kubwa tumegandisha vipande vyembamba vya kioo. Ukuta ukisogea hata kidogo kioo kitapasuka, nasi tutasimamisha kazi. Kati ya ukuta wetu na wao kuna nafasi ya sentimita 5 iliyofunikwa juu kwa zinki, ili kila nyumba iwe huru kusogea kivyake. Na popote tutakapogusa lipu ya jirani, tutarudishia chokaa. Ukuta wa zamani hunyonya unyevu na kuutoa nje. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani na kuanza kuozesha mbao na kubomoa jiwe.

Sipeleki maombi ya kibali kabla sijabisha hodi kwa majirani na michoro mkononi. Msanifu Ernő Goldfinger alipotaka kujenga nyumba yake Willow Road, Hampstead, London, wakazi walimpinga vikali. Safu yake ya nyumba tatu ikakamilika mwaka 1939, na leo ile ya katikati, aliyoishi mwenyewe, iko chini ya National Trust, shirika la Uingereza linalohifadhi majengo ya kihistoria. Wasanifu wenzangu huisimulia kama ushahidi kwamba majirani daima hawaelewi. Mimi naona pia kwamba uso wa nyumba zile ni wa matofali mekundu, na kwamba mtu aliyepingwa alikuwa ameutazama mtaa kabla ya kuchora.

Bibi wa nyumba ya kulia alinikaribisha, akaitikia shikamoo yangu, akaitazama michoro kwa makini. Kuhusu madirisha hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye sakafu ya tatu.

"Mwanangu, hii itanifunika jua uani?"

"Asubuhi itakufunika kidogo, bibi."

"Kidogo ni saa ngapi mpaka saa ngapi? Nguo zangu naanika asubuhi."

Swali lake ni zito kuliko lolote nililoulizwa na mtaalamu yeyote. Ile hesabu ya mstari wa macho inamlinda anayepita barabarani, lakini yeye hapiti. Anaishi pembeni ya nyumba hii mchana kutwa. Nilirudi mezani nikachora kivuli cha kila saa, kwa miezi ya jua la juu na miezi ya jua la chini. Sakafu ya tatu nimeipunguza upana kutoka mita 6.5 hadi mita 5, nikaiegemeza yote upande wa kushoto, na paa lake linateremka kuelekea kulia. Katika miezi mingi kivuli sasa kinaishia kwenye ukuta wake bila kufika kwenye kamba. Katika ile ya jua la chini kamba itapata jua kwa kuchelewa saa moja hivi, nami nimemwambia hivyo waziwazi, kwa mchoro. Chumba cha kulala cha wenye nyumba kimepoteza kabati zima la ukutani. Mke alikubali siku hiyohiyo. Mume alitaka kwanza aende mwenyewe kusimama kwenye ua wa bibi, akaenda, na alipotoka akaisaini ramani mpya. Ndiyo iliyoambatanishwa na maombi ya kibali.